Mlango wa Uani

Hidar 6

Mama mpenzi,
Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na ng'ombe ameshazaa? Mimi nakula, nalala, na zile sauti zimepungua. Kinachoniumiza ni kingine. Kila asubuhi nesi Zinash anafungua mlango wa uani, wagonjwa wenzangu wanatoka kusukana nywele chini ya mkalitusi. Mimi peke yangu nabaki dirishani kama kuku wa kuuzwa. Nimeuliza kwa nini, akanijibu, "Waulize wa kwenu." Mama, ni wewe?
Mwanao, Mastewal

Hidar 20

Marahaba mwanangu,
Magoti yananung'unika, ng'ombe kazaa dume. Ndiyo, ni mimi. Siku nilipokuleta hospitali nilimsihi nesi asikupeleke juani. Umesahau siku ile ya kuvuna shayiri? Ulirudi kichwa wazi, jua limeshakupiga, na usiku ukaanza kubishana na ukuta. Aliyepigwa na jua harudishwi juani, hata mtoto mdogo wa hapa Bichena analijua hilo. Nimempa dereva wa basi majani ya damakase, dawa ya aliyepigwa na jua. Yafikiche, uyanuse asubuhi na jioni. Usininunie.
Mama yako

Tahsas 2

Mama,
Shikamoo. Majani nimeyapata, wodi nzima inanukia kama jikoni kwetu. Lakini sauti zilianza kabla ya shayiri, sikukwambia tu. Daktari anasema jua halina kosa. Nitajifunika shuka mbili, nikae kivulini nimeinama kama bibi harusi. Mwambie nesi neno moja tu, mama. Humu ndani nanyauka.
Mwanao

Megabit 11

Mwanangu,
Hujambo? Nisamehe kwa kimya hiki cha miezi mitatu. Kwanza yalikuwa mavuno ya tefu, ukaja mfungo, kisha nikawa namngoja padri arudi nimuulize. Naye kasema yale yale ya daktari wako. Lakini padri nilimfanya kisingizio. Jua lilinifaa, kwa sababu kama si jua, basi uliugua mbele ya macho yangu, tukipika chungu kimoja, nami sikuona. Jana nimempigia nesi simu, atakufungulia. Nenda kaote jua, mama.
Mama yako

Megabit 24

Mama,
Shikamoo, na asante. Walinifungulia siku ile ile. Nilifika kizingitini, jua likanigusa vidole vya miguu, nikarudi kitandani. Zinash amenishika mkono, wenzangu wameniimbia na kunitania, wapi. Nilililia jua hili miezi yote, na sasa nikiliona nasikia harufu ya damakase na kusema moyoni, hilo linakuja kunipiga. Wamechoka kunibembeleza. Mlango uko wazi na mimi nimekaa pale pale dirishani. Sikulaumu, mama. Ila ungeandika mapema.
Mwanao

Miyazya 3

Mwanangu,
Hali yako sikuulizi, nitaiona mwenyewe. Ndama nimemwachia jirani, barua hii inatangulia na basi la leo, nami kesho napanda la alfajiri. Nimelia sana juu ya barua yako, sasa basi. Usitoke, wala mtu asikuvute. Wewe kaa dirishani pako. Mimi nitaketi katikati ya ua, jua la utosi, kichwa wazi, shuka yangu nimeikalia. Niangalie mpaka uridhike, uone kama nitabishana na ukuta. Sitaondoka hapo. Na nikishikwa na kiu, wewe ndiye utakayeniletea maji.
Mama yako