Taa Mpya za Valentine

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Valentine amepewa kazi ya Mzee Obadiah! Ukoo mzima, picha moja, huko Mbololo. Mzee anatimiza miaka tisini, watoto wanatoka mpaka Rukanga. Wangeita mtu wa Mombasa — wamemwita msichana wangu. Nimeshawaambia majirani wote hapa Voi, hata muuza mboga. Baba yake, Wesonga, anasema ningengoja kazi iishe kwanza. Huyo ni wa kungoja tu, kazi ya reli imemzoesha.

Jumatano, 5 Novemba

Dukani kwa Muinde, kuchagua taa. Mimi nilitaka zile zinazowaka muda wote, unaziona kwa macho. Valentine akakataa. Eti mwanga wake ni mdogo kwa umati, na watoto hawatulii. Amechukua flashi mbili za studio na miavuli myeupe ya kulainisha mwanga. Zinapiga mara moja kama radi, halafu zinangoja kidogo zijae tena. Muinde akaeleza kila moja ina jicho: ikiona flashi ya kamera, nayo inapiga. Hakuna waya. Nikamwambia, kwa Valentine hata taa zina adabu. Akacheka.

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu.

Watu walipangwa vizuri, mzee katikati na koti jipya. Mimi pembeni na kamera yangu ndogo ya zamani, ile Valentine alijifunzia akiwa darasa la sita. Nilitaka dada zangu kule Webuye wamwone akiwa kazini.

Picha zake zikatoka giza. Moja nzuri ya majaribio, kisha giza, giza. Akasogeza taa, akapunguza watu. Jasho linamtoka. Watoto wakaanza kulia. Lois, binti mkubwa wa mzee, akanivuta kando. Mama Vale, baba amechoka. Turudi Jumamosi ijayo, lakini ni mara hiyo tu. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Wale wa Rukanga walinuna waziwazi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeenda kwa Muinde. Mbele ya wateja nimemwita mwizi, nikasema taa zake ni feki. Hakupandisha sauti.

"Mama Vale, Jumamosi nakuja Mbololo mwenyewe. Zikikataa nikiziona, nitazibeba mgongoni mpaka Voi kwa miguu."

Watu wakacheka. Mimi nikatoka.

Valentine hali vizuri. Anasema labda shida si taa. Labda ni yeye, na kazi hii aiache.

Jumanne, 11 Novemba

Valentine alikuwa ameenda kununua unga. Taa kaziacha sebuleni zimewashwa. Amezijaribu tangu asubuhi, hazijakosa hata mara moja. Nikachukua kamera yangu nizipige picha, Muinde asije akakana kwamba ni zake. Nikabonyeza, flashi yake ndogo ikawaka.

Paa — zote mbili.

Nikakaa. Nikabonyeza tena. Paa.

Kule Mbololo kila akiinua kamera, na mimi nainua yangu. Nilitaka nimpate vizuri, jicho lake likiwa pale kwenye kamera. Taa zilikuwa zinaniitika mimi. Akibonyeza yeye ziko tupu, hazijajaa tena.

Akaingia na unga. Mama, mbona umekaa hivyo? Nikasema ni mgongo.

Alhamisi, 13 Novemba

Bado sijamwambia. Jana nilifungua mdomo tukinywa chai, nikaishia kuongea habari za kuku. Wesonga akanitazama: wewe leo umekosa maneno? Wewe?

Jioni hii Valentine amekuja kuketi karibu yangu, akalaza kichwa begani.

"Mama, Jumamosi usikose na ile kamera yako ndogo. Simama palepale uliposimama. Wote walikuwa wananiangalia vibaya, nikikuona wewe nayo ndio napata nguvu."

Iko hapa mezani. Ameichaji yeye mwenyewe.

Sasa anaosha vyombo, anaimba kidogo. Tangu Mbololo hajaimba. Na mwenye duka nimemwita mwizi, na majirani wote wanajua taa ni feki kwa sababu nimewaambia mimi.

Nimemwita Valentine, nimwambie. Anasema anafuta mikono, anakuja. Keshokutwa ndiyo Jumamosi, na watakuja wote — mzee na koti lake, Lois, wale wa Rukanga, na Muinde.