Dada, Haikuwa Simu

Karakana ya Vyuma,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema baridi ya huko imehamia magotini. Usiidekeze, dada, itajenga kabisa. Na shemeji kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida, kwa hiyo ujue afya anayo.

Mimi mwili hauna neno. Kinachouma ni uso. Tangu lile onyesho napita njia ya uchochoroni kwenda kazini, mimi niliyezoea kupita katikati ya barabara nikisalimia hata wasionijua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu mdomo wangu hutia chumvi kabla sijaushika. Kalamu angalau inachoka.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Bendi yetu ya roki, sisi wachomeleaji na kinyozi mmoja, tumepiga na okestra nzima. Fidla zimejipanga kama shamba la mahindi, matarumbeta yanang'aa nyuma, watu wa tai mbele. Ni kama kumvika fahali suti, na suti ikamkaa! Nilipolishika gitaa wimbo wa pili, taa za ukumbi zilipepesa. Fundi umeme anasema ni hitilafu ya nyaya. Mwache aseme, kila mtu ana wivu wake.

Aliyetufikisha pale ni binti yako. Alimwendea kiongozi wa okestra, yule mwenye kijiti, akamwambia mjomba wake na wenzake wanaweza. Akatudhamini kwa jina lake, yeye ambaye miaka yote amekaa kiti cha nyuma cha wapiga filimbi, hajawahi kuachiwa hata pumzi moja ya peke yake.

Safari hii aliachiwa. Mwisho wa wimbo wetu wa mwisho, bendi inanyamaza, okestra inanyamaza, anabaki yeye na filimbi yake. Na alichochagua kupiga unakijua: ule wimbo uliokuwa ukiuimba kwa pua ukimsuka nywele. Ndiyo maana alikusihi usikilize kwa simu, na wifi yako akakaa kiti cha mbele ameinyanyua hewani kama mtu anayeapishwa.

Sasa sikiliza nilivyo mimi. Mazoezini kila mtu alipewa karatasi za nota. Mwenye kijiti akaniuliza, "Mzee, wewe unasoma nota?" Nikamwambia nazisoma tangu tumboni. Akaniambia, "Vizuri. Basi ujue hapa hakuna kurudia. Kilichoandikwa kikiisha, kimeisha." Nikacheka. Nikamwambia mimi nimekula jukwaa kabla yeye hajaota meno, na yeye mwenyewe ana mvi kunizidi!

Kumbe yeye alikuwa ananionya, na mimi nilikuwa najibu.

Maana sisi, dada, tuna desturi yetu. Kwenye kumbi zetu wimbo hauishi mpaka watu wachoke. Wakipiga kelele, nanyanyua shingo ya gitaa juu, na Nyundo, mpiga drami wetu, anajua: turudi kwenye kiitikio. Hatukuwahi kuijadili na wale watu wa fidla. Mazoezini hakuna wa kupiga kelele, basi shingo ya gitaa haikupanda hata mara moja, na mimi nikajiona nimekuwa mtu wa okestra.

Siku yenyewe ikafika. Wimbo wa mwisho tuliupiga vizuri sana, hilo halina chumvi. Tukanyamaza pale pale palipotakiwa. Binti yako akainuka, akaipeleka filimbi mdomoni. Watu wakadhani tumemaliza. Wakasimama, wakaanza kuniita lile jina la karakana: "Cheche! Cheche!"

Nilitaka kusema mkono ulienda wenyewe. Hapana. Ni mimi. Nilimwona amesimama, na bado nikanyanyua shingo ya gitaa.

Nyundo akazishukia drami kama mabati yanaanguka darini. Kinyozi na besi lake akafuata. Nikafumba macho, nikapiga kama nina deni na mbingu.

Nilipoyafumbua, okestra nzima imeweka vyombo mapajani. Mwenye kijiti amekishusha. Na binti yako anapiga filimbi. Namwona vidole vinakwenda, namwona anavuta pumzi, sauti haifiki popote. Nadhani hata masikio yake mwenyewe haikuyafikia. Alipiga mpaka mwisho. Akakaa, akaipangusa filimbi.

Watu wakapiga makofi. Nikainama, dada. Niliinama nikayapokea.

Nyuma ya jukwaa nilimfuata na porojo zangu: "Mjomba wako amewamaliza leo, eh?" Akanitazama. "Mjomba, umesahau nyaya zako kule." Akarudi nami, tukazikunja pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu. Angenitukana ningelala.

Kesho yake ukapiga simu kuuliza mbona mwishoni ulisikia kishindo tu na mtoto hukumsikia. Nilikuwa palepale mezani, mkate mdomoni. Binti yako akakujibu kuwa simu ya wifi yako imezeeka. Na mimi, badala ya kumeza mkate niseme ukweli wangu, nikadakia kwa sauti kuwa upepo uling'oa mnara wa mtandao! Wifi yako akainuka mezani, akaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Haikuwa simu, dada. Mnara upo, unaonekana hapa dirishani. Nilikuwa mimi. Mwanao alinifunika na shuka lake, nami nikalivuta lote.

Nimekwenda kwa mwenye kijiti. Nikamwambia nota sizijui. Akasema, "Najua. Ulikuwa unafunua kurasa kabla hatujaanza." Akaniambia kuna onyesho la pili mwisho wa mwezi ujao, na kile kipande cha filimbi amekiondoa, hataki kubahatisha tena. Hapo ndipo magoti yangu yalipopata baridi ya kwenu. Nikamwomba aniondoe mimi, akirudishe. Akasema nitapiga, ila tukifika mwisho nichomoe waya wa gitaa mbele ya watu wote, na Nyundo akalie vijiti vyake. Lakini kwanza binti akubali.

Nilimkuta anaanua nguo. Nikamweleza yote, bila mnara wala upepo. Akakunja shati moja, akakunja la pili. Akasema, "Sawa. Ila uchomoe na mdomo, Mjomba." Nikacheka peke yangu. Baadaye kidogo naye akacheka.

Sikuombi unisamehe upesi. Nikasirikie kwanza, ni haki yako. Ninachoomba ni uishike simu siku hiyo. Yeye atakwambia saa.

Msalimie shemeji, na ndugu yetu yule wa ghorofa ya chini kwenu, mtia chumvi mwenzangu, mwambie hadithi yake ya mamba nayo apunguze nusu. Mama anakubariki, anasema Mungu akulinde wewe na magoti yako. Wifi yako anakukumbatia.

Siku hiyo, dada, kelele zitapanda, halafu zitakatika ghafla. Usiitikise simu, usiseme mtandao. Subiri. Kabla filimbi haijaanza utasikia kimya. Hicho ndicho nitakachokipiga mimi, na nimekuwa nikikifanyia mazoezi.

Mdogo wako akupendaye kwa aibu yote,

Cheche