Tope Linatangulia

Jumatatu, 6 Januari

Ndoo nne leo. Mto Lukuledi bado uko chini, maji kama chai ya rangi. Nimeacha glasi moja dirishani yatuame, kama mwaka jana. Mama nimemwambia nachezea tu. Mwongo mimi.

Shamba letu la mpunga bondeni limechoka. Mjomba kasema lisipopata tope msimu huu atalikodisha kwa mfanyabiashara wa nyanya. Siku hizi kila mwenye gari ni mfanyabiashara. Hapo Mama atalazimika kulima mlimani, kwenye mawe.

Jumatano, 8 Januari

Kwetu jua kali. Mvua imenyesha huko juu, mto umeamka. Sijawahi kuona rangi ile. Uji wa ulezi unaokimbia. Vilima vizima vinapita mbele yangu, vimeyeyuka. Mama kaniita mara tatu, sikusikia.

Glasi ya asubuhi, jioni ina tope vidole viwili.

Hapa hakuna anayepasua tuta la ukingo kuingiza maji shambani kabla ya mjomba. Naye kasema tungoje mto ujae hasa. Maji mengi, tope jingi. Si kweli! Mwaka jana niliandika kila siku vidole vya tope kwenye glasi. Tope lilikuwa zito mto ukipanda. Ulipofika juu kabisa, lilikuwa nusu tu. Nilijua, nikanyamaza, na leo tena. Kama darasani, jibu ninalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mkono haunyanyuki. Najichukia.

Alhamisi, 9 Januari

Mto bado unapanda. Nimenyofoa kurasa za mwaka jana, nikampelekea mjomba na glasi.

"Shikamoo mjomba. Tope linatangulia. Tukingoja yatakuja maji matupu."

"Marahaba. Ehe! Kumbe mto nao umesoma sekondari?"

Majirani wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akasema, "Kaka, cheka, lakini soma."

Mjomba akasoma polepole, mstari kwa mstari. Akazamisha kidole kwenye glasi, akasugua tope. Kisha akachukua jembe, akaenda kupasua tuta.

Ijumaa, 10 Januari

Mto umejaa ukingo kwa ukingo. Mti mzima umepita na mizizi yake. Niliogopa. Maji ni mengi kuliko jana, na tope la glasi halifiki hata kidole kimoja. Mungu wangu. Mlima umeshapita, maji yanaufuata.

Alhamisi, 16 Januari

Maji yametoka. Tope laini shamba zima, isipokuwa kona ya juu. Kona hiyo ni Jumatano yangu, niliponyamaza.

Mfanyabiashara alikuja na pikapu. Mjomba akamwambia shamba lina mwenyewe. Mimi hakuniambia kitu. Mchana tulipokula akanisogezea firigisi, fungu lake yeye mkubwa, mbele ya watu.

Kesho tunapandikiza. Nimenawa miguu mara tatu. Kwenye kucha bado kuna udongo wa vilima nisivyowahi kufika.