Kumpima Kocha wa Heri

Jumatatu, 1 Desemba
Maharage yako majini. Nilikuwa nafagia Heri alipopiga simu kutoka Buffalo. Kocha wa timu ya chuo chao amefukuzwa, wameshindwa mno. Wameleta mwingine. Na hapa Louisville, chuo cha karibu nasi nacho kimepata kocha mpya, naye anamtaka Heri. Mjukuu wangu huyu nimemlea mimi tangu aache ziwa. Mwaka wa pili huu yuko kule Buffalo, upande wa Lackawanna, anacheza ule mpira wao wa kukumbatia kifuani na kuangushana. Abaki au arudi, lazima ajibu kabla ya Noeli.
Amesema, "Tate, wewe ndiye utawapima makocha. Utakachosema nitafanya."
Mimi, bibi yake! Sikukaa darasani hata siku moja. Herufi hizi nimezipata uzeeni, kwa akina mama wa kanisa. Lakini watu ninawajua.
Namtaka hapa. Nimeandika ili litoke kichwani. Halijatoka.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimefua mashuka ya kitanda chake. Hakuna aliyenituma.

Jumamosi, 6 Desemba
Heri ameletwa na rafiki yake. Amenenepa mabega, mlango umekuwa mdogo. Akanijibu kwa Kiingereza, nikakaa kimya mpaka akarudia kwa Kiswahili. Bon, sawa. Tukaenda kwa kocha wa hapa. Kutoka kwangu, mtaa wa Highview, ni dakika kumi.
Mtu wa kupendeza. Meno meupe, viatu vinang'aa. Akamshika Heri mabega, akauliza uzito wake, akauliza anakimbia kiasi gani. Goti hakuuliza. Heri anachechemea tangu Oktoba, hata kipofu angesikia hatua zake.
Kwetu milimani, mchungaji mpya akikabidhiwa ng'ombe haanzi na dume la kujivunia. Anauliza yupi anachechemea.
Nimeona. Nimenyamaza. Njiani Heri akaniuliza, "Tate, umemwonaje?" Nikasema ni mzuri sana. Kwa sababu ni dakika kumi.

Jumatano, 10 Desemba
Columbus, kwa binti yangu Furaha, mama yake Heri. Yuko mtaa wa Clintonville, anatunza wazee wa watu, mimi ananitunza kwa simu. Kocha mpya wa Buffalo anazungukia nyumba za wachezaji wake, hapa atafika Ijumaa. Heri naye atakuja.
Nimemwomba Mungu mtu huyo awe na kiburi. Ni dhambi, ninajua. Nimeomba hata hivyo.

Ijumaa, 12 Desemba
Amekuja. Mfupi, tumbo mbele, koti limechoka. Heri alishaniambia hata timu ya zamani ya kocha huyu ilikuwa ya kupigwa tu. Nikafurahi.
Akavua viatu mlangoni, hakuna aliyemwambia. Hajakaa bado, akamwambia Heri anyooshe mguu. Akaliangalia goti, akaligusa polepole, akasema hatamwingiza uwanjani mpaka daktari akubali, hata kama ni msimu mzima. Furaha ndiye aliyenitafsiria. Nikaacha kufurahi.
Nikampa maziwa ya mgando, niliyoyagandisha kwa mkono wangu. Kwetu mgeni akishiba anabakiza kidogo chini. Kikombe kitupu kinaomba. Huyu akamaliza. Nikajaza. Akamaliza tena. Vikombe vinne! Furaha ananikonyeza, mimi najaza tu, nikisema moyoni, huyu mwanaume amelelewa. Jioni akaondoka na Heri kwenye gari lake.

Jumamosi, 13 Desemba
Heri kwenye simu, anacheka mpaka anakohoa. "Tate, umeniulia kocha!"
Kumbe tumbo la mtu yule linakataa maziwa tangu utoto. Njia yote mpaka Buffalo wanasimama kwenye kila kituo cha mafuta. Heri akamuuliza mbona hukusema. Akajibu kwamba mama mzee akikumiminia kitu nyumbani kwake, unakunywa.
Mjinga mkubwa. Angesema, ningempa chai. Nimecheka peke yangu jikoni mwa Furaha, halafu kicheko kikakatika. Nimejua ninachotakiwa kusema.

Jumapili, 14 Desemba
Mahubiri hayakuingia. Nina hasira na mtu aliyeumwa tumbo kwa ajili yangu. Angekuwa mbaya kidogo tu! Ningesema "rudi," na Mungu asingenilaumu.
Nataka kumsikia Heri akifungua friji. Nataka kujikwaa kwenye viatu vyake vikubwa. Nataka kumgombeza uso kwa uso, simu haigombezi vizuri. Miaka yangu si mingi, na yake inapita huko kwenye theluji, mimi siioni.

Jumanne, 16 Desemba
Nimerudi Louisville. Nimempigia mimi, kabla hajanipigia. Nilisimama, nikikaa ningebadilika.
Nikamwambia: nilikudanganya. Kocha wa hapa hakuliona goti lako. Atakuchezesha mpaka ulemae, kisha atatafuta mwingine. Yule wako ni mjinga wa maziwa, lakini anachunga. Baki.
Akasema, "Lakini, Tate, wewe je?"
Nikasema sikuulizwa habari yangu, donc, basi, sijibu. Niliulizwa habari ya kocha.
Akalia. Mwanaume mzima, mabega yote yale. Nikamwambia apanguse kamasi, ale, alale. Mimi nililia baada ya kukata.

Alhamisi, 18 Desemba
Amewajibu. Anabaki. Goti litapigwa picha wiki ijayo, kocha atampeleka mwenyewe.
Vizuri. Inauma.

Jumapili, 21 Desemba
Baridi, bila upepo. Baada ya ibada nimemuuliza Mama Zawadi, jirani yangu, basi la kwenda Buffalo likoje. Akasema, "We mama, linachukua karibu siku nzima!"
Siku ninazo.