Nimefumua Kila Kitambaa cha Mama

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa kwenye kaunta ya kazini, wagonjwa wameisha na daktari ametoka kula, na naomba unisaidie kwa sababu nimechoka, tena si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha, nimechoka mpaka mtu akinisalimu naona kama ananiongezea kazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na naishi na mama yangu ambaye ametimiza sabini na tisa. Mtaa mzima unamwita Mama Ringi kwa sababu ya vitambaa vyake vya kufuma, vile vyeupe vya maua na matundu matundu ambavyo wengine hutandika kwenye makochi, ila yeye havitandiki, anavinyoosha ndani ya ringi ya waya, anavifunga kwa uzi pande zote mpaka vinakaza, kisha anavitundika dirishani, upepo ukipita vinazunguka taratibu na kivuli chake kinatembea sakafuni. Tangu alipostaafu ualimu hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo furaha yake, na mtu akiingia kwetu lazima aangalie juu kwanza ndipo atusalimie.

Sasa mwaka jana vidole vyake vilianza kukakamaa na macho yakaingia ukungu, akawa anaruka mishono bila kujua, ua la petali nane linatoka na saba, na kitambaa kikiwa hivyo ukikifunga kwenye ringi kinavutwa upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino, na midomo hiyo mimi naiona kila siku. Siku ya kwanza alinikabidhi kimoja cha hivyo akiwa na furaha zake, akasema, "Kifunge hiki mwanangu, nimekimaliza asubuhi moja tu," nami nikashindwa kumwambia, nikasema kizuri mama, nikakitia kwenye mkoba, na mchana wake hapa kazini nikakifumua na kukifuma upya kwa uzi uleule. Nilidhani ni mara moja tu, kumbe ndiyo nimeanza, na leo ni miezi minane. Tena siwezi kuanzia pale palipoharibika, kwa sababu mama ni mashoto, mizunguko yake inakwenda upande wake na yangu inakwenda upande mwingine, kwa hiyo kila kimoja nakifumua mpaka kwenye kile kiduara cha mwanzo, nabaki na uzi mtupu, naanza moja.

Ningeweza kuvumilia, mshauri, lakini ikaja harusi. Binti wa dada yangu mkubwa anaolewa, na ameomba ukumbi upambwe kwa ringi arobaini, wala hataki za dukani, anataka kazi ya mikono ya bibi yake. Mama alilia kwa furaha akaanza kufuma asubuhi mpaka jioni, maana yake na mimi nikaanza kufumua asubuhi mpaka jioni, nafuma kwenye foleni ya benki, nafuma mama akiwa amelala mchana, kidole gumba hiki hata kalamu hakitaki. Dada anaishi mji mwingine, anapiga simu kila Jumapili, simu iko kwenye spika na mama yupo pale, anasema, "Jamani mama yetu ana nguvu! Na wewe mdogo wangu uko naye hapo, si umsaidie hata kufunga hizo ringi?" Nikamjibu nitajitahidi dada.

Basi wiki iliyopita mama aliumwa jino nikaja naye kliniki. Hapa kwenye chumba cha kusubiria daktari alitundika ringi sita za mama, anazipenda sana. Wakati tunasubiri, mama akasimama chini ya ile ya dirishani, akainua mkono, akaanza kuipapasa, polepole, petali moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma. Nikamwambia mama kaa, utachoka. Hakukaa. Akasema mbele ya wagonjwa wawili, "Hiki si changu."

Nikasema ni chako mama, nilikileta mwenyewe.

Akasema, "Aliyefuma hiki anatumia mkono wa kulia." Akapapasa cha pili, akapapasa cha tatu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Vyangu viko wapi?"

Mshauri, sikuwa na hata kimoja cha kumwonyesha. Vyote vya miezi minane nilivifumua. Nikamwambia labda amesahau, labda siku hizi vidole vinamdanganya, yaani nilimwambia mama yangu mzazi kwamba akili yake inapotea, ili tu nisikamatwe. Akarudi kukaa. Tangu siku hiyo hajashika sindano. Anakaa kitini mikono ikiwa mapajani, nikimuuliza anasema amepumzika. Ringi ishirini na nane ziko tayari, zimebaki kumi na mbili, harusi ni baada ya wiki tano, dada amepiga simu mara tatu. Je, nimwambie mama ukweli nimuumize, au nimalizie tu kimyakimya harusi ipite? Mimi sikutaka ubaya.

Ni mimi, niliyechoka.

*

Dada yangu uliyechoka, kwanza weka hiyo sindano chini. Sasa tuongee.

Nimekusoma mara mbili na ninakuonea huruma. Miezi minane ya kufanya kazi ya watu wawili huku mmoja akisifiwa na mwingine akisimangwa kwenye spika, hilo lingemvunja mtu yeyote. Unampenda mama yako, sina shaka. Lakini usijifiche nyuma ya mapenzi hayo, maana umefanya mambo mawili na hayalingani hata kidogo.

La kwanza, kumrekebishia kitambaa, ni huruma iliyopotea njia, na wengi tungeifanya. La pili ni baya. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, macho yenye ukungu, amesimama katikati ya kliniki akagundua kwa ncha za vidole kitu ambacho wote wenye macho mazima hawakukigundua. Akili yake ilikuwa inafanya kazi kuliko ya kila mtu mle ndani. Ukamwambia inamdanganya! Unaniuliza kama ukweli utamuumiza. Dada, ameshaumia. Amekaa kitini anajichunguza kama anarukwa na akili. Kwa hiyo swali lako la nimwambie au nisimwambie mimi silijui, swali ni utamwambia saa ngapi, na jibu ni leo ukitoka kazini, kabla hujavua viatu. Usianze na "nilikuwa nataka kukusaidia." Anza na "mama, ulikuwa sahihi." Halafu unyamaze. Akikugombeza, gombezwa.

Pili, hebu niambie, mama alipimwa macho lini? Umeandika kurasa nne na sijaona daktari hata mmoja isipokuwa wa meno. Ukungu wa macho kwa wazee mara nyingi unatibika. Mpeleke wiki hii. Na ukipita dukani mnunulie uzi mnene na sindano nene, mishono aipate kwa kugusa. Atakachofuma, kiwe na petali saba, kiwe na tano, kifunge kwenye ringi kama kilivyotoka mkononi mwake. Kikivutwa upande, kivutwe. Mwanao huyo, binti wa dada yako, aliomba mikono ya bibi yake. Hakuomba ringi zilizonyooka.

Hizo ishirini na nane tundikeni, ila msizitaje kuwa za bibi. Ni kazi yako, dada, na ni nzuri, hata daktari wako anaipenda, sijui kwa nini unaona aibu kuisema. Na arobaini zisipotimia, harusi itafungwa vilevile.

Mwisho ni dada yako mkubwa. Mpigie wewe, siku ya kazi, bila spika, umwambie kila kitu. Usimwombe msaada, mpangie. Mwambie siku zake ni zipi na nini kinafanyika siku hizo: chai saa ngapi, mikono ikandwe vipi, chakula kipi kinamkwama. Watu wa kupongeza kwa simu wapo wengi mno katika nchi hii ya uchovu unayoishi.

Kwa kuwa harusi haisubiri gazeti, haya yote nilimjibu mwandishi wa barua hii kwa simu kabla ya kuyachapa, na jana amenipigia. Alimwambia mama yake jioni ileile, amesimama mlangoni. Mama akaenda kulala. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, chai akaiacha ikapoa. Adhuhuri akamwita, akamshika kidole gumba kile kilichovimba, akakipapasa mpaka kwenye kiganja.

"Miezi minane," akasema. "Na wewe ulikuwa unapumzika saa ngapi?"

Mwandishi anasema alikaa chini pale pale sakafuni akalia mpaka mama akamwambia inatosha, inuka, nenda kalale. Akalala mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Macho yatapimwa Alhamisi. Mama ameanza kitambaa kimoja kwa uzi mnene, anafuma na kulaani, na amekataza mtu yeyote kukigusa.

Dada mkubwa naye ameambiwa. Alianza kueleza ratiba yake, kisha akaiacha akauliza aje lini. Zamu yake ya kwanza ni Jumanne.

Nikauliza Jumanne ipi. Nimeambiwa hii.