Jina la Enoki na Mfereji wa Kitongoji Chetu

S.L.P. 96,
Makambako.
Juni 11, 2024.

Mpendwa mwanangu Erica,

Kamwene. Unaendeleaje huko Bukoba, na kazi, na kile kifua? Sisi huku tupo. Upepo wa Makambako unajua kuingia hata palipozibwa, na mgongo wangu ndio unaoupokea. Mama yako Lucia yuko Kifanya, anakula kidogo, anaongea kidogo zaidi. Tangu tumzike kaka yangu, baba yako, mwezi wa tatu, nyumba ile imekuwa na viti vingi mno.

Ujumbe wako nimeusoma. Umefungua ile kamusi elezo ya mtandaoni, inayoandikwa na yeyote, ukakuta makala inasema mfereji wa kitongoji chetu kule Kifanya ulijengwa na mradi wa wafadhili. Unataka kuingia leo leo uandike kwamba aliuchimba baba yako Enoki na wenzake sita, kwa majembe, miaka mitatu, kabla mradi haujaja kupaka saruji. Mwanangu, subiri kwanza. Mimi nimeshaingia, na nimeshatolewa.

Niliandika mwezi wa nne, kwa uchungu: shujaa asiye na mfano, mkombozi wa wanyonge. Baada ya saa moja hakuna kitu. Mhariri mmoja, sijui anaishi wapi, akanijibu kwa adabu kwamba sifa zitoke na chanzo kiwekwe. Nikamwambia chanzo ni mimi, nilibeba mawe nikiwa mtoto. Akasema hicho si chanzo. Nilikaa nikaitazama mikono yangu.

Basi nikafanya tunavyofanya sisi. Huku shauri la mpaka wa shamba linaamuliwa kwa mashahidi, na mwenye mashahidi wengi analala vizuri. Nikaongea na kwaya yetu ya hapa. Wengi hawajawahi kuuona huo mfereji, lakini wananiamini. Tukajaa kwenye duka la Dulla la kutoa kopi, tukafungua akaunti ishirini na tatu kwenye kompyuta moja, na kila mtu akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: ni kweli, ni Enoki. Jeni wa sauti ya pili akaongeza ameni.

Kesho yake Dulla akanipigia. "Mzee Abel, wamekufungia."

"Mimi tu?"

"Na kwaya nzima. Wanasema ni mtu mmoja mwenye majina ishirini na matatu."

"Si ungewaambia sisi ni watu?"

"Niwaambie vipi, na mimi wamenifungia. Tena mimi Mwislamu, hata kuimba sikuimba."

Niliwachukia mwezi mzima. Halafu nikajiuliza, je, mwongo naye asingeweza kuleta kwaya yake?

Kwa hiyo anza na kitu kisichokuuma. Andika juu ya viazi. Usinakili kazi ya mtu. Toa kila neno linalokuliza. Ukibishiwa jibu taratibu, maana ugomvi wa pale haufutiki. Na baba yako usimwandike wewe. Peleka chanzo kwenye majadiliano, mgeni asiye ndugu yetu aandike.

Shida ni hicho chanzo. Kilichopo ni kibao chenye jina la mradi, na gazeti lililonakili kibao. Mchungaji wa Kifanya anaandaa kitabu cha jubilei ya usharika, ametupatia ukurasa mmoja. Alitaka kumhoji Mzee Nahumu, wa mwisho katika wale saba. Wiki iliyopita Nahumu alipooza, ulimi umekwenda. Tulikaa naye, akawa anatuangalia tu. Mimi nakumbuka mawe, sikumbuki ilikuwa mwaka gani wala majina ya wote.

Amebaki mama yako, aliyewapelekea ugali kila mchana. Mchungaji amekwenda mara mbili, akapewa chai, hakupewa neno. Mimi aliniambia, "Shemeji, nikishayasema yatakuwa yameisha."

Kitabu kinakwenda kwa mchapaji tarehe thelathini. Kata tiketi, uje. Kamusi usimtajie. Kaa naye jikoni, umenye viazi, na akianza, andika. Asipoanza, wajukuu zake watasoma uongo wenye chanzo kizuri.

Msalimie mumeo Remmy, na jirani yako Tausi. Shangazi Esnath na Danford wanakukumbuka. Mungu akushike mkono njia nzima, hadi mlangoni kwa mama yako.

Mimi nikupendaye,
Baba yako mdogo,
Abel