Dada Zaituni, Mashine Inasema Hakuna

Dada yangu Zaituni,

Kwa heshima unayostahili, na kwa uchungu nisiojua kuupunguza, naleta mbele yako taarifa ya yaliyotendeka tangu tulipokuzika. Najua ungalikuwa hai ungalinikatiza hapo hapo: "Juma, wewe hata ukiomba chumvi unaandika waraka! Sema unachotaka." Nitasema, dada. Ila niruhusu niseme kwa utaratibu, maana utaratibu ndio kitu pekee nilichobaki nacho.

Duka lako la mabeseni kule sokoni Kikuubo analiendesha binti yako Mariamu. Mimi ningali na meza yangu hapa Kisenyi, nikiwaandikia watu maombi yao kwa Kiswahili nilichojifundisha mwenyewe. Hayo ni mema. Mema yameishia hapo.

Pale zahanati, kila aliyevaa koti jeupe alilijua neno lako. Uliingia mlangoni ukitangaza kama mnadi: "Mimi na penisilini hatupikiki chungu kimoja!" Wagonjwa walicheka, wauguzi wakaandika. Lakini siku ile homa ilikufunga kinywa. Jirani yako wa dukani ndiye aliyekukimbiza kwa bodaboda. Mimi nilikuwa kambini Mbuya na maombi ya mjane wa askari. Daftari lako la matibabu lilikuwa limejaa, wakakununulia jipya pale pale mlangoni, jeupe kabisa, kama kwamba hukuwahi kuumwa maishani. Wauguzi wa zamu ile, wageni kwako, wakakudunga penisilini. Hakuna aliyeuliza.

Daktari Lubega, mwenye zahanati, alikuja msibani akalia. Nitamtendea haki: machozi yalikuwa ya kweli. Akaapa mbele ya wazee kwamba atanunua programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ili lililokupata lisimpate mwingine. Akaniomba nihudhurie siku ya kuchagua, niwe msemaji wa wagonjwa. Nilivaa tai. Nilikwenda na maombi ya kurasa mbili, yenye ombi moja tu: kwamba dawa inayomdhuru mgonjwa ionekane kabla ya jambo lingine lolote.

Wauzaji walikuwa wawili. Programu ya kwanza ilifunguka na utepe mwekundu juu ya jina la mgonjwa, ikakataa kuendelea mpaka muuguzi aulize dawa inayomdhuru na kuijaza. Dada, nilitamani kusimama nipige makofi. Ya pili ilifungukia kwenye malipo. Mzio, yaani dawa zinazomdhuru mtu, ulikaa ukurasa wa ndani, aubonyeze apendaye. Lakini hiyo ya pili ilipeleka yenyewe madai kwa kampuni za bima.

Muuguzi mmoja akanong'ona kwamba ule utepe utachelewesha foleni. Daktari akanigeukia kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi kuliko yote: "Mzee Juma, pesa ya bima isipoingia, huo utepe utawaka kwa umeme gani?" Maombi yangu alikuwa ameyawekea kikombe cha chai juu yake. Akachagua ya pili.

Juzi simu yako, ambayo Mariamu anaishika kwa ajili ya wateja, ikapokea ujumbe: "Mpendwa Zaituni, afya yako ni furaha yetu. Karibu upimwe." Mariamu alinipa simu, akageukia mabeseni, akayapanga upya ingawa yalikuwa yamepangika.

Nikaenda zahanati. Brenda, binti wa mapokezi, akanigeuzia kompyuta nione ukurasa wako. Hali: hai. Mzio: hakuna.

Hakuna! Wewe! Nikamuuliza ni nani aliyethubutu kuandika hivyo. "Si mtu, ssebo," akanijibu kwa heshima ya Kiganda. "Tulipohamisha majina ya zamani, palipokuwa wazi sistimu ilijijazia yenyewe."

Nikalitazama benchi. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, dereva aliyefungwa bandeji. Huenda wote wameandikiwa hakuna, na hakuna aliyewauliza. Daftari jeupe, dada, angalau lilinyamaza. Mashine hii inajibu.

Daktari akatoka kunituliza. Akasema atalifuta jina lako leo leo, yaishe. Yaishe! Nikamkatalia mbele ya wagonjwa wake, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Kisha nikarudi mezani kwangu nikamwandikia maombi mapya. Ungefurahi, ni sentensi moja: "Andikeni kwanza kilichomuua, ndipo mwandike kwamba amekufa, na kwa wengine wote, lifuteni neno 'hakuna' mpaka muwe mmewauliza." Hajajibu.

Basi pumzika, dada. Kusamehe sikuahidi, sitaki kukuandikia uongo kwa lugha nzuri. Ninachokuahidi ni hiki: kila asubuhi, kabla sijafungua meza yangu, nitapita kwenye lile benchi na tai yangu shingoni, niwaulize mmoja mmoja: "Wewe na dawa gani hampikiki chungu kimoja?" Watanicheka, kama walivyokucheka. Lakini wataingia ndani wakiwa na jibu mdomoni. Na akiletwa asiyeweza kusema, nitasimama mlangoni pale uliposimama wewe, nipige kelele bila utaratibu wowote, mpaka mtu aulize.

Mdogo wako,
Juma